Korti isiwe jeraha la pili kwa shahidi mnyonge

Mtoto aliyenajisiwa akifikishwa hospitalini mapema, sisi matabibu tunajua la kufanya. Tutachukua sampuli za ushahidi, tutatibu vidonda, tutampa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi kabla ya saa 72 kupita, na ikiwa ni msichana aliyekwisha kuvunja ungo, tutampa dawa ya kuzuia mimba kabla ya saa 120 kwisha. Tutajaza fomu zinazotakiwa na polisi. Baada ya wiki kadhaa, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, mwili utapona.

Lakini miezi mingi baadaye, wakati kidonda cha moyo nacho kimeanza kufunga, mtoto yuyo huyo huitwa kortini. Husimamishwa mbele ya watu wazima asiowajua, akatakiwa aeleze upya yote yaliyompata, huku aliyemtenda akimkodolea macho kutoka hatua chache tu. Hapo hakuna daktari wala muuguzi, na aghalabu hakuna mtu yeyote aliyefunzwa namna ya kumshika mkono mtoto huyo. Nionavyo mimi, jambo hili ni la afya sawasawa na lilivyo la sheria. Korti inaweza kumponya shahidi, na inaweza kumtonesha kidonda. Tofauti huletwa na mafunzo ya wale wanaomzunguka.

Nani ni shahidi mnyonge?

Yafaa ieleweke kwamba shahidi mnyonge si lazima awe mtoto. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 31, inamtaja mtu aliyetendewa uovu wenyewe, mtoto, na mtu mwenye ulemavu wa akili. Kisha inampa hakimu uwezo wa kumhesabu katika kundi hilo shahidi mwingine yeyote kwa sababu ya umri, ulemavu, mshtuko uliompata, tofauti za mila, dini, lugha, hofu ya kutishwa, au ujamaa wake na mmoja wa wahusika katika kesi.

Shahidi wa namna hiyo anaweza kuwekewa pazia au kinga nyingine ili asionane uso kwa uso na mshtakiwa. Kesi inaweza kusikilizwa faraghani. Magazeti yanaweza kukatazwa kumtambulisha. Na juu ya yote, anaweza kutoa ushahidi kwa msaada wa mtu wa kati, yaani mtu aliyeidhinishwa na korti kwa sababu ya ujuzi au uzoefu wake, ambaye humfikishia shahidi maana ya maswali, humwambia hakimu kwamba shahidi amechoka au amefadhaika, na huomba mapumziko kwa niaba yake. Kifungu cha 32 kinamtaka kiongozi wa mashtaka amweleze shahidi habari za kinga hizi kabla hajaanza kusema, na korti nayo ihakikishe kuwa ameelezwa. Katiba ya 2010, katika ibara ya 50, imeruhusu mtu wa kati katika kesi yoyote ile, amsaidie mlalamishi au hata mshtakiwa.

Kwa hiyo, msomaji, usidhani kwamba Kenya haina sheria. Sheria ipo, na ni nzuri. Kilichopungua ni watu waliofunzwa kuitumia.

Safari ya kutoka Korbesa

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mnaishi mwendo wa matatu moja au mbili kutoka kortini. Hebu basi tumfikirie msichana wa miaka tisa wa Korbesa, katika eneo la Merti, kaunti ya Isiolo. Simzungumzii mtoto fulani ninayemjua. Nampiga mfano tu, lakini hakuna nitakalolisema juu yake ambalo haliwapati watoto wa sehemu kama hizo.

Korbesa ni kijiji cha wafugaji Waborana, upande wa chini wa mto Ewaso Nyiro. Kutoka huko hadi mji wa Isiolo, yaliko makao ya korti ya kaunti, ni zaidi ya kilomita 150, na mvua ikinyesha njia hupitika kwa taabu. Magari ni machache. Si ajabu mtoto na mamaye wakajikuta ndani ya gari moja na jamaa za mshtakiwa, ambao pia wanakwenda kusikiliza kesi ile ile. Mama ameacha mbuzi na watoto wadogo nyumbani. Nauli imekopwa. Wakifika, wanaambiwa kwamba kesi imeahirishwa kwa kuwa shahidi mwingine hakufika, warudi baada ya miezi miwili.

Tuseme siku ya kusikilizwa imewadia kweli. Mtoto huyu nyumbani kwao huzungumza Kiborana, na Kiswahili chake ni cha darasani. Taarifa aliyoitoa kwa polisi iliandikwa kwa lugha nyingine. Sasa anahojiwa kupitia kwa mkalimani ambaye huenda ni mwanamume wa makamo, na ambaye, katika jamii ambamo watu wanajuana kwa koo na kwa jina, huenda ni mtu wa nyumba moja na mshtakiwa. Mtoto huyu amelelewa asizitaje sehemu za siri mbele ya wakubwa. Leo anatakiwa azitaje mbele ya chumba kizima, tena kwa sauti ya kusikika.

Nyuma yake yako mashauri ya nyumbani. Katika sehemu nyingi za kaskazini, kesi ya namna hii hukimbiliwa na maslaha. Wazee huketi, mifugo ikahesabiwa, na familia mbili zikapeana mikono. Sina nia ya kuwatweza wazee. Katika mambo ya malisho na visima, mabaraza ya dedha yamesuluhisha ugomvi mwingi ambao ungemwaga damu. Lakini ng'ombe aliyelipwa kwa baba hamponyi binti. Na sheria ya 2006 haikumpa mzee, chifu wala polisi uwezo wa kuitupa kesi ya unajisi. Uamuzi wa kuiendeleza au kuiondoa ni wa ofisi ya mashtaka ya umma peke yake. Mtoto anayejua kwamba ukoo mzima unataka yaishe, na kwamba yeye ndiye anayeyashikilia, amebeba mzigo ambao hata mtu mzima ungemlemea.

Hali huwa ngumu zaidi pale ambapo anayeshtakiwa ni wa nyumbani. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilipitishwa mwaka wa 2011, na kesi zake humfanya msichana awe shahidi dhidi ya nyanyake au mamake mzazi. Nani amekaa na msichana huyo akamweleza kuwa kusema kweli si kumlaani mama?

Hofu huifanya nini akili?

Hapa ndipo ninapotaka kusema kama daktari. Watu wengi, na hata baadhi ya wanasheria, huamini kwamba msema kweli husema bila kusita, akapanga mambo yake kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwamba anayebabaika ni mwongo. Elimu ya tiba haikubaliani na imani hiyo.

Mtu anapopatwa na hofu kubwa, mwili humwaga homoni za kumwandaa apigane au akimbie. Akiwa hawezi lolote kati ya hayo, mara nyingi hukauka tu, sauti ikakataa kutoka. Ndiyo maana wengi waliobakwa hawakupiga mayowe. Kumbukumbu nayo hujengwa vipande vipande. Mtoto atakumbuka harufu ya sigara na rangi ya shati, lakini asikumbuke kama ilikuwa Jumanne au Alhamisi. Wakili akimng'ang'ania kwa siku na saa, atakisia ili kumridhisha, na kisio lake litageuzwa kuwa uongo.

Mtoto mdogo pia ana mazoea yake. Akiulizwa swali lile lile mara mbili, hudhani jibu lake la kwanza lilikuwa baya, akalibadilisha. Mtu mzima mwenye cheo akimwambia jambo kwa ukali, huitikia. Na mtoto mwenye adabu, katika jamii zetu nyingi, huinamisha macho anapozungumza na mkubwa. Wakili asiyejua hayo atasema, "Mheshimiwa, tazama, anaogopa kututazama kwa sababu anadanganya."

Liko pia tatizo la lugha yenyewe. Mtoto akiulizwa kwa Kiswahili, "Hukupiga mayowe?" naye akajibu, "Ndiyo," maana yake ni kwamba ndiyo, hakupiga. Kumbukumbu za korti zetu huandikwa kwa Kiingereza, ambamo jibu hilo laweza kueleweka kinyume chake kabisa. Mwezi ujao mtoto atasomewa maneno hayo na kuulizwa mbona amejipinga. Swali moja la kukanusha, likipita katika lugha mbili au tatu, linaweza kuiua kesi.

Kisha kuna ushahidi wetu sisi matabibu. Yapo matarajio kwamba fomu ya P3 itaonyesha alama kila mara. Sivyo. Sehemu za siri hupona upesi, mara nyingine kwa siku chache tu, na watoto wengi waliotendewa ubaya huu hawapatikani na jeraha lolote wanapopimwa. Kutokuwapo kwa alama hakuthibitishi kwamba hakuna lililotendeka. Wala hakuna daktari awezaye kutazama kizinda akaapa kuhusu mambo ambayo mtoto amepitia. Ni kwa sababu hiyo ushahidi wa mdomo wa mtoto una uzito mkubwa, na kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu, katika kesi za ngono, kuutegemea ushahidi wa mlalamishi peke yake iwapo ameridhika kwamba anasema kweli na ameandika sababu zake. Basi mtoto huyo akishindwa kusema kwa sababu ya hofu, kesi imekwisha.

Mafunzo ya nani, na ya nini?

Sheria inasema kuwa mtu wa kati anaweza kuwa mzazi, jamaa, mshauri nasaha, mwanasaikolojia, afisa wa watoto au mtumishi wa ustawi wa jamii. Ni orodha nzuri. Lakini kuwa mama hakumfunzi mtu kazi hii. Mama mwenyewe huenda ni shahidi katika kesi hiyo hiyo. Huenda analia kuliko mtoto. Huenda kwa mapenzi tu akamjibia.

Wenzetu wameliona hilo zamani. Afrika Kusini iliruhusu watu wa kati kwa watoto mashahidi katika miaka ya tisini, ikawataja kwa taaluma zao, wakiwemo madaktari wa watoto, walimu na watumishi wa ustawi wa jamii. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka wa 1999, na leo watu wa kati wa huko hupewa mafunzo na kusajiliwa. Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo wake kuhusu watoto walioathiriwa na walioshuhudia uhalifu mwaka wa 2005. Hapa kwetu, Jaji Mkuu Martha Koome alifungua korti maalum ya kesi za dhuluma za kijinsia huko Shanzu, Mombasa, mwaka wa 2022. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini kutoka Shanzu hadi Korbesa ni mbali.

Je, mwongozo wa kufaa uwe na mafunzo gani? La kwanza na kubwa kuliko yote ni kwamba kumtayarisha shahidi si kumfundisha la kusema. Anayemsindikiza mtoto asiguse kabisa kisa chenyewe. Kazi yake ni kumweleza mahali: hakimu huketi hapa, yule ni karani, huyu ndiye atakayekuuliza, mlango wa kutokea ni ule. Amwonyeshe chumba cha korti kikiwa kitupu, siku moja kabla. Amwambie maneno matatu ambayo kila mtoto ana haki ya kuyatumia: "Sijui," "Sikumbuki," na "Sijaelewa swali." Maneno hayo matatu yana manufaa kuliko mazoezi ya wiki nzima.

La pili ni kuzijua dalili. Mtoto anayefinyafinya vidole, anayeomba kwenda haja kila mara, anayejibu kila swali kwa neno moja, au anayetazama ukutani bila kupepesa macho, ameshachoka au ameshashikwa na hofu. Hapo ndipo mtu wa kati anapopaswa kuomba mapumziko. Dakika kumi na kikombe cha maji huokoa ushahidi wa asubuhi nzima.

La tatu ni mambo ya kawaida ambayo hakuna anayeyafikiria. Shahidi amekula? Amelala wapi? Ataketi wapi akisubiri, asikutane na jamaa za mshtakiwa barazani? Ana ulemavu wa kusikia, na mkalimani wa lugha ya ishara ameitwa? Mkalimani wa Kiborana ana ujamaa na nani?

La nne ni baada ya korti. Usiku wa siku hiyo wengi hurudiwa na jinamizi, wengine huanza tena kukojoa kitandani, wengine hukataa chakula au shule. Mzazi aambiwe mapema kwamba hayo yanaweza kutokea, asimpige mtoto, na ajue kituo cha afya cha kumpeleka yasipokwisha baada ya wiki chache.

Je, mshtakiwa ananyimwa haki?

Wako watakaouliza kama kumsaidia shahidi hivi si kumkandamiza mshtakiwa, ambaye mbele ya sheria hana hatia hadi ithibitishwe. Ni swali la haki na halifai kupuuzwa. Wapo watu waliosingiziwa. Lakini kinga hizi hazimzuii wakili wa utetezi kuuliza swali lolote la halali; zinamtaka tu aulize kwa namna ambayo mtoto ataelewa. Tena kifungu cha 31 kimeweka wazi kwamba mtu hawezi kutiwa hatiani kwa ushahidi wa mtu wa kati peke yake usiothibitishwa na mwingine. Shahidi aliyetulia hueleza mambo kwa usahihi zaidi, na usahihi humfaa pia mtu asiye na hatia. Anayefaidika na shahidi aliyepigwa na bumbuazi ni mwenye hatia peke yake.

Wengine watasema hakuna pesa. Hakika pesa ni haba, lakini mengi niliyoyataja hayahitaji jumba jipya. Kila kituo cha korti kina kamati ya watumiaji wa korti, inayowakutanisha mahakimu, viongozi wa mashtaka, polisi, mawakili na wengineo. Kamati hiyo inaweza kuandaa orodha ya watu waliofunzwa, wanawake kwa wanaume, kutoka kila eneo. Mwaka wa 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini. Ni watu wanaoingia manyumbani, wanajua lugha na wanaaminiwa. Wachache wao katika kila wadi wakipewa mafunzo ya siku chache, mtoto wa Korbesa atakuwa na wa kumsindikiza. Na tangu janga la Korona la mwaka wa 2020, korti zetu zimezoea kusikiliza mashauri kwa njia ya video. Kwa nini mtoto asitoe ushahidi akiwa katika chumba tulivu huko Merti, pamoja na mtu aliyefunzwa, badala ya kusafirishwa kilomita zote hizo?

Nasi madaktari tuna fungu letu. Tuandike fomu ya P3 kwa mwandiko unaosomeka, tunukuu maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, na tuitikie mwito wa korti siku tuliyoitwa. Kila tusipofika, ni safari nyingine kwa mtoto na mamaye.

Mwaka wa 2012 watoto kadhaa wa Meru, jirani za Isiolo, waliishtaki polisi kwa kutochunguza ipasavyo malalamishi yao ya kunajisiwa. Tarehe 27 Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru ikaamua kwamba haki zao za kikatiba zilikuwa zimevunjwa. Watoto hao walitufundisha kwamba mnyonge akisaidiwa kusema, husikika, na uamuzi wake ukawafaa hata wasiomjua.

Msomaji wa mjini asijione yuko nje ya haya. Mtoto wa Kayole au Kisauni hana safari ya kilomita 150, lakini kizimba ni kile kile na hofu ni ile ile. Jirani yako akiitwa kortini na mtoto wake, mwulize kiongozi wa mashtaka, kwa adabu lakini bila woga, kama mtoto ameelezwa kinga zake chini ya sheria. Ukiona mtoto anateswa, piga simu 116; kwa dhuluma za kijinsia, piga 1195. Zote hazina malipo.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo tunaomtwika mtoto kizimbani huonekana mwepesi kwetu kwa kuwa hatuubebi sisi. Tumpe basi mtu wa kuubeba pamoja naye, na mtu huyo tumfunze kazi yake.